Kilo Mia na Tisini Kaburini

Katika mwaka ambao Jimbo la Nyanda lilikosa pesa za wazee lakini halikukosa pesa za vipaza sauti, Osmunda Gama, mwenye miaka sabini na sita na meno kumi na moja, alisimama katikati ya uwanja wa mpira akisubiri kupigana na rafiki yake.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Majukwaa yalikuwa yamejaa. Watu walikuja na karanga, miavuli na watoto wachanga, na bendi ya polisi ilipiga wimbo wa jimbo taratibu sana, kama vile wimbo wenyewe una nyonga mbovu.

"Vuta pumzi, Matroni," fundi alisema nyuma yake.

Akavuta. Kitu kikalia mgongoni mwake na gwanda likamlegea mwilini, likawa jepesi na la hatari.

Gwanda lilibuniwa kwa kazi za heshima. Lilitakiwa kumnyanyua mzee kitandani, kumfikisha chooni na kumkalisha bila kumvunja. Misuli yake ni nyuzi za plastiki zinazovimba umeme ukipita, na mkono wake mmoja hubeba mtu wa kilo tisini kama paka anavyombeba mwanawe. Mgongoni kuna kizuizi chekundu kinachohakikisha mkono huo hauendi kasi kuliko mkono wa muuguzi mwenye adabu. Siku ya Mchuano fundi hukichomoa akakitia mfukoni. Baada ya hapo, mkono uliobuniwa kuogesha bibi unaweza kutoboa mlango.

Mchuano nao ulikuwa na historia yake tukufu. Baraza la Jimbo lilipata ruzuku ya kuwatunza wazee wa kata kumi na mbili, na kata zilikuwa ishirini na nne. Wajumbe walijadiliana siku tisa nani aachwe, na kila mjumbe akaitaja kata ya mwenzake. Siku ya kumi wakakubaliana kwa makofi kwamba wazee ndio wenye busara, basi waamue wao. Kila kata itoe mzee mmoja. Atakayelala chini hadi hesabu ya ishirini, kata yake itakosa muuguzi, dawa na umeme wa magwanda mpaka msimu mwingine. Sheria hiyo iliitwa Sheria ya Uwazi na Upendo kwa Wazee.

Osmunda alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua kanuni ya kijinga akiiona, kwa kuwa yeye mwenyewe alitunga kadhaa.

Lakini alikuja. Kwenye jukwaa la kata yake ya Nyalembe, mstari wa mbele, dada yake Filomena alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, miaka themanini na mitatu, barakoa usoni, mashine ya kupumulia mapajani kama mtoto aliyelala. Mashine hiyo ilikula umeme wa kituo cha wazee, na betri yake ndogo ya safari jimbo liliweza kuizima kutoka mbali. Umeme ulipokatika, Osmunda aliuchomeka waya wake kwenye kiuno cha gwanda lake na kukaa tuli saa mbili, saa tatu, kwa sababu gwanda haliwezi kutembea na kumpumulia mtu kwa wakati mmoja. Nyalembe ikishindwa, hakutakuwa na umeme wa kituo wala wa gwanda. Hesabu hiyo haikuhitaji kidato cha nne.

Lango la upande wa pili likafunguliwa, akaingia mwakilishi wa kata ya Isimike, Mzee Kihwele, miaka themanini na mmoja, mrefu, mwembamba, gwanda limempwaya kama sare ya kaka yake.

"Mtani," akaita. "Naona mmefika. Safari hii hamkupotea njia?"

"Tulipita vijijini kwenu. Tukashangaa, hata mbwa mmoja hatukumsikia akibweka."

"Tumebakiza mmoja wa kuliwa kwenye matanga yako."

Jukwaa likacheka. Enzi za mababu wa mababu zao, Wangoni, akina Osmunda, na Wahehe, akina Kihwele, walipigana mpaka pande zote zikachoka kuzika. Walipochoka wakawa watani. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kuku wako na humshtaki. Siku ukifa, yeye ndiye anayefanya fujo msibani, anaigiza ulivyokuwa unatembea, anaingia kaburini kabla yako na kulala humo, na hatoki mpaka ndugu zako wamkomboe kwa chochote. Osmunda na Kihwele walikuwa wametukanana kila Jumapili kwa miaka arobaini, juu ya ubao wa bao, na hakuna ndoa katika kata zote mbili iliyokuwa na upendo kama ule.

Kihwele akasogea karibu. Akashusha sauti.

"Mtani, sikia. Piga utakapo, ila kifuani usiguse. Pampu yangu ya moyo inazimikazimika. Betri tulizoletewa Isimike ni za mwaka juzi."

Osmunda akamtazama. "Mwaka jana pia ulizimia. Nikakimbilia maji. Niliporudi, kete zangu nne hazipo."

"Zile niliiba. Hili ni kweli."

"Na ulipovunjika mguu siku ya kunilimia shamba?"

"Ule mguu ulikuwa mzima," Kihwele akakiri.

"Basi ahsante kwa kunionyesha mahali pa kupiga."

Kihwele alimwangalia kwa muda, midomo imefunguka kidogo kama mtu anayetafuta neno ambalo hajawahi kulitumia. Kisha akacheka, kwa sababu mtani haombi mara mbili.

Juu yao, Mwamuzi alining'inia kwenye nyaya zake nne, mpira wa chuma wenye macho pande zote. "Wazee wetu wapendwa," alisema kwa sauti ya mwanamke aliyepumzika vizuri, "anzeni."

Kihwele alianza kabla neno halijaisha. Ngumi yake ya kwanza ilimpata Osmunda shavuni, na meno kumi na moja yakawa tisa. Aliyaona mawili yakiruka mbele yake, yakimeta, akapata nafasi ya kuyasikitikia kabla mgongo wake haujapiga ardhi na kuchimba mfereji wa hatua nne.

"Moja," alisema Mwamuzi. "Mbili."

Akainuka kwenye tatu, kinywa kimejaa chumvi ya damu. Kihwele alikuwa tayari juu yake. Osmunda akaushika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili, akauzungusha kama anayekamua shuka, na akasikia chuma kikilia, kisha kitu kilichokuwa ndani ya chuma. Kihwele akapiga ukelele. Mkono ukaning'inia, vidole vinatazama nyuma.

"Vibaya hivyo, mtani," alisema akihema. "Na huo ndio wa kulia."

"Utakulia kushoto. Nani atakualika?"

Kihwele akamjibu kwa goti. Goti liliingia ubavuni, na Osmunda akahesabu mbavu zikiondoka, moja, ya pili, kama wasichana wanaotoroka bweni mmoja mmoja. Walishikana. Walibiringishana mpaka goli la kaskazini na kulivunja. Kihwele alichomoa mwamba wa goli kwa mkono mzima, akamchapa nao mgongoni, mara tatu, taratibu, na kila pigo lilimzamisha udongoni kama kigingi. La nne lilimpata kisogoni.

Ukimya. Nyasi kwenye jicho. Sauti tamu inahesabu.

"Kumi na nne. Kumi na tano."

Jicho lililobaki wazi lilitazama jukwaa la Nyalembe. Filomena alikuwa ameivua barakoa ili amwone vizuri, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa tabu, kama mtu anayepandisha maji ya kisima kirefu.

"Kumi na saba."

Osmunda alisimama. Hakujua kasimamaje. Kihwele alikuwa mbele yake amenyanyua mwamba wa goli juu, mkono mbovu umening'inia, kifua kimeachwa wazi kama mlango wa jiko. Alikuwa amemwambia asipige pale, na mtu huyu alikuwa hajamwambia jambo moja la kweli kabla ya mchezo kwa miaka arobaini. Akapiga pale.

Sahani ya kifua ilibonyea kama sufuria. Ngumi ikapita, ikakuta kitu kidogo kinachozunguka, kikaacha kuzunguka.

Kihwele aliketi chini polepole. Mwamba ukamtoka mkononi. Alionekana kuudhika kidogo, kama aliyeshindwa bao na mgeni.

"Nilikwambia," alisema.

"Acha mchezo, mtani."

Hakuacha. Mwamuzi akahesabu moja hadi ishirini kwa sauti ileile ya kupumzika, akimhesabia maiti, na uwanja mzima ukangoja mpaka ishirini kwa sababu ndivyo sheria ilivyosema. Kisha karatasi za rangi zikarushwa. Osmunda alikuwa amepiga magoti, kidole chake kikubwa cha chuma kinatafuta kizuizi, swichi, chochote kwenye kifua kile. Alikuwa bado anatafuta walipokuja kumvisha maua.

*

Mazishi yalikuwa Jumanne asubuhi, Isimike, nyuma ya nyumba ya marehemu. Jimbo humzika mshiriki aliyeanguka kwa heshima zote: turubai, kamera za matangazo ya moja kwa moja, tingatinga lisilo na dereva la kuchimba na kufukia. Heshima hizo zilikuwa na sababu. Kwa mujibu wa Sheria ya Uwazi na Upendo, matokeo hayawi rasmi mpaka marehemu afukiwe, na mpaka matokeo yawe rasmi, Mchuano unaofuata hauanzi. Ijumaa yake kulikuwa na mwingine. Tiketi zilishauzwa.

Osmunda alikuja na gwanda lake lililobondwa, mbavu zimefungwa kitambaa, uso umevimba kama andazi. Nyalembe nzima ilikuja, wazee thelathini na wawili, Filomena mbele. Upande wa pili walikaa wazee wa Isimike, ishirini na wanane. Magwanda yao yalikuwa yamezimwa tangu Jumamosi jioni, bila kungoja urasmi. Wengine walibebwa na wajukuu. Bibi mmoja alikuja akitambaa, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Jeneza lilikuwa dogo. Jimbo lilikuwa limemvua Kihwele gwanda, mali ya umma, na bila hilo mtu alikuwa mifupa na masikio.

Mheshimiwa Katibu wa Ustawi, Auleria Tawete, akasimama mbele ya kamera. Alikuwa na suti ya kijivu na kifaa kidogo cha mkononi kinachowasha na kuzima huduma za kata zote ishirini na nne. Alizungumza vizuri. Alisema marehemu ametoa mchango mkubwa katika ugawaji wa rasilimali. Akachota udongo kwa beleshi la kung'aa, akageukia kaburi, na beleshi likabaki hewani.

Kaburini kulikuwa na mtu.

Osmunda alikuwa ameshuka wakati wa hotuba. Alilala chali, mikono kifuani, macho yameangalia mawingu.

"Mtani, ngoja kwanza," alikuwa analiambia jeneza lililokuwa ukingoni. "Kitanda chako kina mwenyewe."

Wazee wa Isimike wakacheka. Walicheka huku wakilia, kwa kuwa ndivyo msiba unavyotakiwa kuwa, na tangu Jumamosi ulikuwa haujawa hivyo. Mjane wa Kihwele akafungua fundo la kanga kutafuta sarafu ya kumkomboa.

"Weka, shemeji," Osmunda alisema. "Leo sidai ndugu. Namdai aliyeniletea mtani wangu nimuue."

Auleria akasogea ukingoni na kuinama kwa adabu. "Shikamoo Matroni."

"Marahaba, Auleria. Umenenepa. Bweni la pili, kitanda cha mlangoni, godoro juani kila asubuhi mpaka kidato cha tatu."

Kamera zilikuwa zinarusha. Shingo ya Mheshimiwa ikabadilika rangi.

"Matroni, naomba utoke."

"Nirudishie Isimike umeme wao na muuguzi wao. Halafu futa Ijumaa. Nikisikia umefuta, natoka hata kwa kucheza."

"Ruzuku haitoshi kata zote, unajua hivyo."

"Haikutosha hata unga wa shule, na hatukuwahi kuwagonganisha vichwa ili tujue nani ale. Tulipunguza mabonge ya ugali."

Auleria akapiga magoti kwenye udongo mbichi, suti na yote, na sauti yake ikashuka mpaka kamera zisiisikie. "Nikupe miaka miwili. Nyalembe yote, bila kushindana. Na Mama Filomena mashine mpya. Toka tu. Ulishinda kihalali."

Osmunda aliipima ahadi hiyo, na asiwepo wa kumlaumu. Miaka miwili ilikuwa mingi. Alimwona Filomena kwa ncha ya jicho, juu kule, barakoa inafukafuka. Kihwele alikuwa amekufa tayari, hakuna kaburi ambalo lingembadilishia hilo. Kisha akamwona bibi aliyekuja akitambaa, ameketi na viganja vyeusi mapajani, na akakumbuka ule mdomo uliofunguka kutafuta neno. Alikuwa anaomba. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini mtu yule alikuwa anaomba kitu, na yeye alimjibu kwa kete nne.

"Hapana," alisema.

"Basi kwa kutotii, Nyalembe imepoteza ushindi." Auleria akasimama, akijifuta magoti. "Huduma zitakatwa sasa hivi. Mashine ya dada yako inapumua kwa ruhusa ya jimbo. Fikiria tena."

Akaashiria. Walinzi wawili wakaruka kaburini na virungu vya umeme. Wa kwanza alimchoma Osmunda shingoni na mwili wake wote ukapiga kama samaki. Osmunda akaushika mkono wa mlinzi, bila hasira, akaufunga kama anavyofunga daftari, na mfupa ukatokea mahali ambapo haukuwa na shughuli; mlinzi akapanda nje akilia. Wa pili alimpiga kwenye mbavu zilizovunjika mpaka akatapika damu juu ya viatu vya mlinzi. Osmunda akamshika mkanda, akamrusha nje. Alitua kwenye turubai na kulishusha lote juu ya wapiga picha.

"Tingatinga," Auleria alisema.

Halikuwa na dereva wa kusita. Lilikuja limeinamisha bapa lake, likasukuma shehena ya kwanza. Udongo wa Isimike ni mwekundu na mzito, una mawe. Jiwe moja lilimpasua paji la uso. Shehena ya pili ilimfunika miguu, ya tatu ikamfika kifuani, na bapa likashuka chini kupita kiasi, likakamata mkono wa kushoto wa gwanda na kuukata kwenye kiwiko. Mkono wake mwenyewe, mwembamba, wenye madoa ya uzee, ukatokea kwenye tundu la chuma, umechanika mpaka ndani, ukitazama dunia kama kifaranga.

"Simamisha," mtu alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza. Filomena alikuwa amekisukuma kiti chake mbele ya tingatinga. Tingatinga lilisimama, limeundwa kutokanyaga kilicho mbele yake ila kama kimelala.

"Mama, rudi nyuma," alisema Auleria.

"Mimi ni Gama," Filomena alisema, akivuta hewa katikati ya kila neno. "Mtani wa marehemu. Nina haki. Ya kulala. Nishusheni."

Wanawake wa Nyalembe walitazamana. Kisha wakazitoa kamba za jeneza, wakazipitisha kwapani mwa mzee yule, na kwa magwanda yaliyobakiza chaji kidogo wakamteremsha, taratibu, mashine yake ikiwa imefungwa tumboni kwa kanga.

Auleria alibonyeza kifaa chake. Hakukibonyeza kwa ukatili. Alikibonyeza haraka, kama mtu anayefunga macho. Juani, magwanda thelathini ya Nyalembe yakaganda yalipo, wengine wameinama na kamba bado mkononi. Mashine ya Filomena ikatoa mlio mmoja mrefu na kunyamaza.

Gwanda la Osmunda halikuganda. Mafundi walikuwa bado hawajarudisha kizuizi chekundu, na ndani ya kizuizi ndimo jimbo lilimokaa na amri zake za kuzima.

Filomena alikuwa amemwangukia juu, midomo inageuka buluu, vidole vinakwaruza udongo. Osmunda alichimbua waya wa mashine kwa mkono wenye damu, ukateleza, akaushika kwa meno, yale tisa, akafukua udongo kiunoni, akauchomeka. Gwanda likatetemeka. Miguu ikafa, kiuno kikafa, kidole cha mwisho kikafa. Mashine ikakohoa, ikaanza.

"Sogea," Filomena alisema alipopata hewa ya kutosha kulalamika. "Unachukua nafasi yote. Toka utoto."

"Siwezi kusogea. Nikisogea unakufa."

"Afadhali. Kwa mara ya kwanza umetulia."

Auleria alikuwa amesimama ukingoni. Nyuma yake kamera, zilizokwisha kutolewa chini ya turubai, zilikuwa zinaangalia mahali alipokuwa anaangalia. Kaburini kulikuwa na kilo mia na tisini za chuma na matroni, zimefukiwa hadi kifuani, na juu yake bibi wa miaka themanini na mitatu anapumua kwa waya. Hakuna mlinzi ambaye angeweza kuinyanyua chuma ile, na kati ya wale wawili, aliyebaki na mikono miwili mizima alikuwa mmoja tu. Anayetaka kuwatoa, lazima kwanza auchomoe waya huo, kwa mkono wake, jimbo zima likitazama.

Bibi wa Isimike aliyekuja akitambaa alianza tena kutambaa. Alifika ukingoni, akaketi, akaning'iniza miguu ndani. Mwingine akafuata. Hawakuwa watani wa marehemu, walikuwa ndugu zake, lakini hakuna aliyewakumbusha.

"Betri ina saa ngapi?" Auleria aliuliza. Ilikuwa sauti ya kidato cha pili.

"Saa tano na nusu," Osmunda alisema. Damu ilikuwa inamwingia jichoni na hakuwa na mkono wa kuifuta. "Ukishindwa kuamua mpaka hapo, utafukia watatu. Mtani wangu atafurahi. Hakuwahi kupenda kulala peke yake."

Kifaa kilikuwa bado mkononi mwa Mheshimiwa. Alikitazama. Akamtazama yule bibi mwenye viganja vyeusi, aliyekuwa anamtazama yeye, bila chuki, kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa kujibu.

"Mnataka nianzie wapi?" alisema mwishowe.

Filomena aliisogeza barakoa kidogo.

"Isimike kwanza," alisema. "Washa tuione. Halafu ulete kuku wa kutukomboa, tuanze kuzungumza."